Mwaka Tulipoupigia Kura Mguu wa Tabitha

Walimzika mwalimu mkuu wetu wa zamani Jumamosi iliyopita, shambani kwake upande wa Plateau, na sijawahi kusikia uongo mwingi hivyo ukipitia kipaza sauti kizuri hivyo. Hema zilikuwa nyeupe, viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa kama maharusi, na magari ya matajiri wa Elgon View yalikuwa yamejipanga kwenye nyasi kana kwamba nayo yamefiwa. Mfawidhi, kijana mwenye suti ya kubana ambaye hakuwa hata amezaliwa wakati wa mambo aliyoyasimulia, alitutangazia kwamba marehemu ndiye "baba wa timu", kwamba aliwafundisha watoto maskini wa shule ya harambee kuitanguliza timu mbele ya nafsi zao, na kwamba ushahidi tulikuwa nao mbele ya macho yetu. Ushahidi huo ulikuwa kombe. Walikuwa wamelisugua mpaka likang'aa, wakaliweka juu ya jeneza katikati ya maua. Nililitazama nikasikia kinyaa. Kando yangu alikaa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye enzi hizo alikuwa mkimbiaji wetu wa mita mia, na sasa tumbo lake lilikuwa limemtangulia kwenye magoti. Alifuta macho kwa leso. "Mwalimu," akaninong'onezea, "siku zile tulikuwa kitu kimoja." Tulikuwa kitu kimoja, ndiyo. Hata kundi la fisi ni kitu kimoja.

Kocha wa timu hiyo nilikuwa mimi. Mfawidhi hakunitaja, na namshukuru kwa hilo peke yake. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, sina cheti cha ualimu, nimeajiriwa kufundisha Kiswahili na jiografia katika shule hiyo ya upande wa Soy, na kwa kuwa sikuwa na mke wa kuniuliza mbona nimechelewa, nikapewa riadha. Kukimbia sikujua. Wenzangu hawakuniacha nisahau. Chumba cha walimu kilikuwa na meza moja ndefu, dirisha lililozibwa kwa katoni na birika kubwa la chai ambayo ilikuwa imechemshwa hata majani yamesahau kazi yao, na saa nne kila siku walikaa pale wakimega maandazi na kunitania. "Bwana Wekesa," mwalimu wa hesabu alikuwa akisema, "wewe juzi basi lilikuacha pale stendi ukilitazama tu. Sasa unafundisha Wakalenjin kukimbia?" Wa historia anadakia, "Mwache, bwana. Anawafundisha kusimama. Hilo hawakuwa wanajua." Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda darasani nikiwachukia. Leo nikitazama nyuma naona kwamba walikuwa wavivu na wachekeshaji, lakini hakuna mtoto waliyemvunja. Mimi niliyekuwa na bidii ndiye wa kuogopwa.

Mwalimu mkuu alikuwa na ofisi yenye zulia. Katika shule ambayo madarasa mawili yalikuwa na sakafu ya udongo, yeye alikuwa na zulia, na juu ya zulia alikuwa amemtengenezesha fundi kabati la vioo la kuwekea makombe, ingawa shule haikuwa na kombe hata la netiboli. Kabati lilikaa tupu likipanguswa kila asubuhi. Aliniita mwanzoni mwa mwaka, akanionyesha vile vioo kwa mkono kama mtu anayekuonyesha ng'ombe wake. "Kijana, mimi sitaki bingwa," akaniambia. "Bingwa anaondoka na sifa zake. Mimi nataka kombe la jumla. Lile linabaki hapa." Kombe la jumla hupewa shule iliyokusanya pointi nyingi katika mashindano yote, wavulana na wasichana, mbio na mitupo, kwa hiyo halitaki mtu mmoja wa ajabu, linataka watu wengi wa kadiri. Nilitoka nikiwa nimefurahi. Nilidhani nimesikia falsafa, kumbe nimesikia bei.

Likizo ya Aprili nilipelekwa kozi fupi ya makocha katika chuo cha walimu, na huko mkufunzi mmoja mama alitufundisha kujenga timu badala ya kujenga nyota. Maneno yake yalikuwa mazuri na bado naamini yalikuwa mazuri. Aliniambia pia jambo jingine, tulipokuwa tukirudisha vikombe vya chai, baada ya mimi kumsimulia habari za msichana mmoja niliyekuwa naye timuni. "Huyo mpe mbio moja," alisema. "Akiwa mkubwa mpe mbili. Usimfanye gunia la pointi." Yale ya kwanza niliyabeba mpaka nyumbani. Haya ya pili niliyaacha pale kwenye sinia ya vikombe.

Nikaanza kujenga timu. Tulipewa chumba cha sayansi kimu kwa ajili ya chakula cha jioni, kwa sababu ndicho kilichokuwa na jiko na meza ndefu, na hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa na ya mafuta ya cherehani pamoja, huwa naona njaa. Ugali ulipikwa kwenye sufuria moja, maharagwe kwenye nyingine, na Ijumaa mzazi mmoja alikuwa akituletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Niliweka sheria kwamba hakuna anayegusa chakula mpaka kila mmoja aseme jema alilomwona mwenzake akilifanya siku hiyo. Mwanzoni walitazama miguu yao kwa aibu. Baadaye wakaipenda. Barasa, nahodha wetu, mrusha tufe, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, kifua kama mlango wa ghala, alikuwa akisimama na uso wa padri na kusema, "Mimi nimeona Tabitha akimaliza mzunguko wa mwisho akiwa amemshika mkono yule wa nyuma. Pia nimeona ugali ukipoa. Naomba hili la pili lishughulikiwe." Wakimbiaji walikuwa wakienda kumpimia Barasa umbali wa tufe lake, na yeye alikuwa akiwabebea maji mpaka kilimani. Nilijivuna kama mtu aliyegundua moto.

Tabitha ndiye yule msichana wa gunia. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, mkimya, anayekimbia peku kwa hiari ingawa viatu vya misumari vilikuwepo, na alikuwa shuleni bila karo kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amemwona akikimbia mashindano ya shule za msingi akamfuata kwao. Alipokimbia hukusikia miguu. Ulisikia tu watu wakikaa kimya. Nilimwandikisha mita mia nane, elfu moja mia tano, elfu tatu na mbio za kupokezana vijiti. Sikuona shida, kwa sababu tulikuwa tumeamua pamoja. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika wakati huo: kila jambo nililileta mezani, tunainua mikono. Nani avae viatu vya misumari, tunainua mikono. Nani aachwe nyumbani mashindano ya wilaya, tunainua mikono, naye anayeachwa ameketi pale pale, ameshika kijiko. Niliita jambo hilo umoja. Nilikuwa nimegundua utamu wake, nao ni kwamba uamuzi ukitoka kwa timu, kocha halaumiwi. Nimefanya kazi ofisi nyingi tangu hapo, na kila nilipomsikia mkubwa akisema "hebu tuamue pamoja", nimeangalia anayekaribia kuumia ni nani.

Tulishinda wilaya. Mwalimu mkuu alikula nasi jioni hiyo kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akakalia kiti kilicholetwa kutoka ofisini, akatuambia kwamba tukishinda mkoa kule Nakuru, timu nzima itapanda treni kwenda mashindano ya taifa Mombasa. Nzima, alisema, hata warusha mkuki. Wengi wa watoto wale walikuwa hawajavuka Timboroa. Usiku haukulalwa katika mabweni. Asubuhi Tabitha alinisubiri nje ya chumba cha walimu, akisimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mwalimu, mguu unaniuma."

"Wapi?"

Akagusa muundi. "Ndani. Si nyama. Unauma kama jino."

Mtu asiyejua chochote cha miguu angeelewa sentensi hiyo. Nami niliielewa. Nilijua pia kwamba nikimpumzisha, kombe limekwenda, na nitalazimika kukanyaga lile zulia kueleza. Nikamwambia, "Jioni tutaongea kama timu." Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto mwenye heshima, na heshima yake ilinisaidia sana.

Jioni hiyo ugali ulikuwa tayari. Nilisimama penye ubao, nikasema Tabitha ana shida ya mguu, kwamba yeye ni wetu na sisi ni wake, na kwamba uamuzi wa kukimbia au kupumzika ni wetu sote. Nilitumia sauti ya upole. Msichana mmoja wa kuruka viunzi akauliza, "Mwalimu, asipokimbia tunapata kombe?"

"Hatupati."

"Na Mombasa?"

"Na Mombasa hapana."

Barasa akainuka polepole, bila ule uso wake wa padri. "Lakini Mwalimu, si wewe useme? Sisi tunajua nini mambo ya miguu?"

"Barasa, hapa hakuna mkubwa," nikamjibu. "Hapa ni timu."

Alinitazama kwa muda. Nimetazamwa na mahakimu na wadai katika maisha yangu, na hakuna aliyeniona vizuri kama kijana yule alivyoniona kabla hajaketi. Nikasema anayetaka Tabitha akimbie ainue mkono. Iliinuka ya wasichana kwanza, kisha ya wavulana wa nyuma, ya yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi ikiwa juu kuliko zote. Ya Barasa ilifika begani ikakomea hapo. Mwisho Tabitha aliyageuza macho kutoka kwenye sufuria, akawaona wote, akainua wake. Nikauhesabu. Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, kuuhesabu mkono huo ndiyo kazi chafu kuliko zote, na niliifanya nikitabasamu. Tukala.

Nakuru alikimbia siku mbili. Siku ya kwanza alishinda mbio moja na kushika nafasi ya pili katika nyingine, na aliporudi kwenye turubai letu mama mmoja wa huduma ya kwanza alimfuata, akapiga magoti, akaubonyeza muundi kwa kidole gumba. Tabitha hakulia, ila alishika nyasi. Yule mama akaniita pembeni.

"Huyu asikimbie tena. Mpeleke hospitali apigwe picha."

"Timu imeamua atakimbia," nikasema.

"Timu gani? Hiyo timu mama yake yumo?"

Nikamwambia nitalishughulikia. Kesho yake Tabitha alikimbia mita mia nane akawa wa tatu, na mchana akasimama mkondo wa tatu wa kupokezana vijiti. Nilikuwa penye kona ya mwisho. Nilimwona akija, uso mtulivu, na mguu wake ukikubali kila hatua, mpaka nikaanza kujisifu moyoni kwamba yule mama alikuwa mwoga. Alikabidhi kijiti vizuri, kama tulivyofanya mazoezi, kisha akaketi kwenye nyasi kama mtu aliyechoka kidogo. Nilipomfikia muundi ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Nyuma yangu watoto walikuwa wakiimba. Pointi zilikuwa zimetosha.

Alilazwa katika hospitali ya misheni ya Plateau, na walimtunza vizuri. Nilikwenda mara moja, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amekuja na kombe na mpiga picha. Alimwekea kombe kifuani, likawa zito, ikabidi muuguzi alishikilie kwa nyuma ili lisianguke. "Cheka kidogo," mpiga picha alisema, na Tabitha akacheka kidogo. Picha hiyo ilikuwa kwenye kijitabu cha mazishi Jumamosi, muuguzi akiwa amekatwa pichani. Tabitha aliponiona natoka wodini aliniuliza, "Mwalimu, utakuja Jumapili?" Nikasema nitakuja. Jumapili nilikuwa kwenye treni. Huko Mombasa tulishindwa kila kitu isipokuwa kula. Nililala chumba chenye feni, nikala pilau, na nasema kweli kwamba kwa siku tatu hakunijia akilini hata kidogo.

Tuliporudi mwalimu mkuu aliniita. Kombe lilikuwa ndani ya vioo. "Wekesa, kile kitanda cha Tabitha bwenini hakiwezi kukaa bila mkimbiaji," alisema, akipuliza chai yake. "Nitafutie mwingine." Ningeweza kukataa. Hakunitisha, hakunipa chochote, hata kiti hakunipa. Nilikwenda kwenye mashindano ya shule za msingi, nikakaa chini ya jua na karatasi yangu, nikamchagua msichana mwingine aliyekuwa akikimbia bila kusikika, nikaenda kwao na sukari na majani chai, nikamwahidi mama yake elimu. Tabitha aliporuhusiwa kutoka hospitali alifika shuleni na magongo, akakuta sanduku lake limewekwa nje ya bweni. Hakuja kwangu kulalamika. Aliomba mtu wa kumsaidia kulibeba hadi barabarani, na aliyelibeba ni Barasa. Mwezi wa Desemba niliacha kazi, nikawa karani katika kampuni moja ya mahindi hapa mjini, na kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba niliacha kwa sababu ya dhamiri. Niliacha kwa sababu walinilipa zaidi.

Jumamosi, baada ya jeneza kushushwa na kombe kurudishwa kwenye gari la mtu, nilimwona kwenye foleni ya chakula. Nilimjua kwa kutembea kwake. Amenenepa, amevaa koti la kijivu la kanisani, na mguu wa kushoto unachelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Nilichukua sahani nikajipanga karibu naye, na nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Tabitha. Ni mimi Wekesa."

"Nakujua, Mwalimu."

"Sikutegemea utakuja."

"Nilikuja kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini?"

"Kwamba wamemfunika." Akaongeza kijiko cha kabeji kwenye wali wake. Mhudumu akamuuliza kama anataka nyama, akasema ndiyo, mama, usininyime supu.

Nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Kwamba wale walikuwa watoto, nami niliwapa kazi yangu waifanye kwa mikono yao ili mikono yangu ibaki safi. Kwamba sikuja ile Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitafuna, bila hasira yoyote niliyoweza kuiona, na kutokuwepo kwa hasira kulinitisha kuliko kama angenimwagia ile supu.

"Yule msichana uliyemleta alale kitanda changu," akasema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Nililiona gauni lake la shule, niliiona nyumba yao, niliiona ile sukari. Jina halikuja.

"Anaitwa Gladys," Tabitha akasema. "Aliyekufuata alikuta desturi yako, akaendelea nayo. Walimpigia kura mwaka uliofuata. Yeye ilikuwa goti. Tumeimba kwaya moja miaka hii yote."

"Amekuja?"

"Aje kufanya nini?"

"Basi unisamehe, Tabitha."

"Anza na yeye. Anauza maziwa pale soko la Soy, uliza mtu yeyote utaonyeshwa. Yeye akimaliza na wewe, ndipo uje kwangu tuongee." Akachukua leso ya karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya bakuli lake. "Kula, Mwalimu. Chakula kitapoa." Akaenda kuketi na wanawake wa kanisa lake.

Soy si mbali. Magari yapo kutwa nzima, na mimi ni mzee mstaafu nisiye na shughuli yoyote. Jumapili nilisema mvua. Jumatatu nilisema mgongo. Tangu Jumanne nimekaa kwenye meza hii nikiandika, nikijiambia kwamba sitakwenda kwa mtu niliyemkosea nikiwa sijapanga mawazo yangu, na kwamba nikimaliza kuandika nitavaa koti niende. Sasa nimemaliza. Ni saa tano asubuhi, hakuna wingu, na bado nimekaa.